Shefu jasiri, shefu mpole, shefu mwenye wasiwasi: nani anawarudisha watu nyumbani na vidole vyote?

Fundi Mitambo (mwanzisha uzi), Lubumbashi

Wandugu, jambo. Nimeshika spana miaka 19 katika viwanda vya shaba vya huku kwetu, na sasa kazi yangu ni kuwaandaa wasimamizi wa zamu, ambao huku kwetu tunawaita mashefu. Uzi ni mrefu, soma ukiwa na nafasi.

Nianze na siku moja ya kiangazi. Vumbi jekundu kila mahali, sisi tuko kwenye mkanda unaopeleka mawe kwenye kinu. Saa tisa alasiri umeme ukakatika, jambo ambalo hapa halimshangazi mtu. Shefu wetu wa zamu alikuwa mtu wa kupendwa sana. Sauti kubwa, kicheko, anajua majina ya watoto wako wote, akikuona umechoka anakupokea koleo na kupiga kazi mwenyewe. Akatuita: "Bandugu, mashini imekufa. Tuingie mbio, tutoe yale mawe yaliyokwama, umeme ukirudi utukute tayari!"

Tukaingia. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilijua kwamba kiwanda kina jenereta ya akiba. Nilijua kwamba kufuli za kufungia swichi, ili mtu asiweze kuiwasha, zimo kwenye sanduku jekundu, hatua kama kumi kutoka pale tuliposimama. Nikamtazama shefu, nikaona jinsi kila mtu alivyokuwa amechangamka, nikaona haya kuwa mtu wa kuzimisha ile ari. Nikanyamaza.

Jenereta ikawaka. Kijana wa chumba cha usukani, pale mashini zinapoendeshwa, ambaye hakuambiwa kuna watu kwenye mkanda, akabonyeza kitufe. Mkanda ulisogea labda mita mbili tu kabla mtu hajavuta kamba ya dharura. Mita mbili zilitosha. Glavu ya kijana mmoja ilishikwa na rola, kile chuma cha mviringo kinachobeba mkanda, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda nayo.

Ripoti iliandikwa: "mfanyakazi hakuwa makini." Sentensi hiyo imenisumbua hadi leo. Yule kijana alifanya kile ambacho sisi sote tulifanya. Alimfuata shefu anayempenda.

Ndipo nilipoanza kujiuliza jambo ambalo ndilo la uzi huu: tabia ya kiongozi, ile aliyokuja nayo kutoka kwao, inaingiaje katika usalama wa watu anaowaongoza? Na je, inaweza kufundishika?

Wanasaikolojia hupima tabia za watu kwa mafungu makubwa matano: umakini na nidhamu, uchangamfu, upole na maelewano, utulivu wa moyo, na udadisi wa mambo mapya. Hakuna mtu aliye fungu moja. Kila mmoja wetu ana kiasi fulani cha kila kitu. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu tabia hizo na uongozi, wakakuta kwamba uchangamfu ndio unaokwenda pamoja na uongozi kuliko mengine yote. Ila kuna jambo ndani yake ambalo wengi hulipita: uchangamfu ulikuwa na nguvu zaidi katika kueleza nani *anaonekana* kiongozi kuliko nani anaongoza vizuri. Mimi niliposoma hapo nilimwona shefu wangu wa mkanda amesimama mbele yangu.

Upande wa ajali ni sura nyingine. Sharon Clarke na Ivan Robertson walichambua tafiti za ajali mwaka 2005. Waliopatikana karibu na ajali zaidi ni watu wenye umakini mdogo na wenye maelewano madogo na wenzao. Sasa pima mwenyewe. Tunachagua mashefu kwa sauti, halafu tunategemea kinga kwa umakini. Hizo ni sifa mbili tofauti, na si kila mtu anazo zote.

Nitaendelea chini kidogo, najibu kwanza maswali yakija.

---

Mwanafunzi wa Kampemba

Mkuu, kwa hiyo suluhisho si ni jepesi tu? Tabia mtu huzaliwa nayo. Kampuni zifanye mtihani wa tabia, zichague wenye umakini, wenye kelele wabaki kuchimba.

---

Fundi Mitambo

Mdogo wangu, nilifikiri hivyo hivyo mwanzoni. Yako mambo matatu yaliyonitoa huko.

Kwanza, mtihani wa tabia ni maswali unayojijibia. Mtu anayetafuta kazi, ana watoto wanne Katuba na kodi ya nyumba ya miezi miwili, ukimuuliza "je, wewe hufuata utaratibu?" unafikiri atakujibu nini?

Pili, hizo namba za utafiti ni za watu wengi kwa pamoja. Zinakuambia mwelekeo. Hazikuambii huyu mtu mmoja aliyekaa mbele yako atafanya nini saa tisa alasiri mawe yakikwama.

Tatu, na hili ndilo nililojifunza kwa macho: kila tabia ina shimo lake. Ukimwondoa mchangamfu ukamweka mwenye umakini, hujafukia shimo, umehamia kwenye lingine. Nimefanya kazi chini ya shefu mwenye umakini mkali. Karatasi zake zote zilikuwa safi. Kila ukaguzi una saini, kila saini ina tarehe. Lakini watu walimwogopa kuliko walivyoiogopa asidi. Bomba la asidi lilianza kuvuja tone moja moja kwenye kiungo, na vijana wawili wakalifunga kwa kitambaa cha plastiki kwa siku mbili, kwa sababu kumwambia shefu kungemaanisha kuulizwa nani amekosea. Karatasi ilikuwa inasema bomba ni zima.

Mwenye upole mwingi naye shimo lake liko kwenye neno "hapana". Hawezi kumzuia mtu, hasa mtu aliyemzidi umri. Hapa kwetu hilo ni zito, ninyi mnajua. Utamwambiaje mzee aliyeanza kazi kabla hujazaliwa, aliyekupa bukari (ugali) na samaki wa tomsoni kwenye sahani yake siku yako ya kwanza kazini, kwamba hajavaa mkanda wa kuzuia kuanguka?

Mwenye wasiwasi mwingi huona hatari mapema kuliko wote, na hiyo ni zawadi. Ila akipiga kelele kwa kila kitu, watu huzoea kelele. Na siku ya mambo kuharibika kweli, watu wote hugeuza macho kumtazama shefu; uso wake ukitetemeka, kila mtu hukimbia upande wake.

Na mtulivu kupita kiasi? Huyo ndiye anayenitia hofu zaidi, niseme ukweli. Hatari haimgusi moyo. Anaweza kutembea chini ya mzigo unaoning'inia kwenye kreni huku anakula karanga, na vijana wanapita nyuma yake kwa sababu shefu amepita.

---

Mama wa Ruashi

Papa Fundi, asante kwa uzi. Mimi nilifanya maabara ya kiwanda miaka kadhaa. Nataka kuuliza juu ya wanawake. Mwanamke akiwa na sauti ndogo wanasema hawezi kuongoza. Akipaza sauti wanasema ana roho mbaya. Hiyo tabia mnayopima, mnapima yake au macho ya wanaomtazama?

---

Fundi Mitambo

Mama, swali hilo limenikumbusha mtu ambaye nilitaka kumwandika tangu mwanzo.

Tulikuwa naye sehemu ya matengenezo, shefu wa ekipe, yaani wa kikosi kimoja. Mama mmoja mkimya, daftari dogo limefungwa kwa mpira, kalamu imechomekwa kwenye nywele chini ya kofia. Alipoteuliwa watu walisema hana sauti. Kweli hakuwa nayo. Mashini za kule zinavuma, yeye akiongea ilibidi uiname.

Kazi yetu siku ile ilikuwa ndani ya mdomo wa kinu, kubadilisha vyuma vilivyolika. Utaratibu ni kwamba kila anayeingia anaweka kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, lina kibao chenye jina lake, na ufunguo unabaki mfukoni mwake. Swichi haiwezi kuwashwa mpaka kufuli la mwisho litoke. Kazi ikaisha, watu wakatoka, wakaanza kutoa kufuli zao. Chumba cha usukani kinapiga simu, uzalishaji unadai kinu kiwashwe, tumechelewa saa nzima.

Yule mama akasimama mbele ya swichi. Alikuwa na desturi moja kabla ya kila kazi: kuhesabu kufuli kwa kugusa kila moja kwa kidole na kuandika kwenye daftari. Akafungua daftari. "Asubuhi kufuli sita," akasema, "na majina saba." Watu wakaanza kulalamika kwamba mmoja labda alienda chooni. Akarudia kwa sauti ile ile ndogo: "Majina saba. Ninaona watu sita." Simu inalia. Hakuipokea.

Mzee mmoja alikuwa bado ndani. Alikuwa ameingia asubuhi bila kuweka kufuli lake, na sasa amerudi kuchukua tochi aliyoisahau. Alitoka akijifuta vumbi usoni, akashangaa tunavyomtazama.

Yule mama hakumgombeza mbele za watu. Alisubiri tumeosha mikono, akamwita pembeni: "Muzee, kesho utaniwekea kufuli yako ya kwanza, vijana waone kwako." Tangu siku ile mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye swichi kila asubuhi, na ole wako ukifika bila kufuli lako.

Mama wa Ruashi, ukiniuliza tabia yake ilikuwa ipi, nitasema: umakini mwingi, uchangamfu mdogo. Katika usaili wa kawaida asingeteuliwa. Na umesema kweli kabisa, waliosema hana sauti walikuwa wanapima masikio yao wenyewe.

---

Mtu wa Likasi

Samahani, mimi napinga. Haya mambo ya tabia ni mlango wa wakubwa kukimbia gharama. Mkanda ule ungekuwa na kizuizi cha chuma kwenye rola, vidole vingebaki, awe shefu ni malaika au ni mlevi. Mashini mbovu haina saikolojia. Kesho watatuambia ajali ilitokea kwa sababu shefu hakuwa na "utulivu wa moyo".

---

Fundi Mitambo

Ndugu wa Likasi, naomba wote wasome jibu lako mara mbili. Uko sahihi na mimi ningepaswa kuanza nalo.

Utaratibu wa kinga unajulikana: kwanza ondoa hatari yenyewe, ikishindikana badilisha kwa kitu chenye hatari ndogo, kisha weka kizuizi cha mashini, kisha taratibu na mafunzo, na vifaa vya kuvaa viwe vya mwisho. Yeyote anayetumia tabia ya mtu kuficha rola isiyo na kizuizi anafanya uovu, na ile ripoti ya "hakuwa makini" ilikuwa ya namna hiyo hiyo.

Lakini nikuulize. Kizuizi kile hakikuwepo kwa muda gani? Sisi tulikiona kimetolewa. Kilitolewa ili kusafisha kuwe rahisi, hakikurudi. Ni nani alipaswa kuandika, kudai, kurudi tena kudai, na mwishowe kusimamisha mkanda? Shefu. Wetu alikuwa mchangamfu, hakupenda ugomvi na watu wa ofisini, akatuambia "tutavumilia, itakuja". Kizuizi cha chuma hudaiwa na mdomo wa mtu, na kwenye mdomo huo ndipo tabia inapoingia.

Sheria iko upande wa anayedai. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, Kongo (RDC), ya mwaka 2002 inazungumzia kamati ya usalama, usafi na mapambo ya mahali pa kazi. Mahali pengi nimeona hiyo kamati inafanya kazi ya mapambo tu, kupaka mawe chokaa siku mgeni anakuja. Shefu anayejua kuna kamati ana mahali pa kupeleka karatasi yake, na nakala yake aitunze nyumbani.

---

Fundi wa Katuba

Mimi sina kiwanda. Nina karakana ndogo, natengeneza vinu vya kusaga mahindi na kuchomelea milango. Tuko watu watatu, mmoja ni mzee aliyenifundisha kazi, sasa yuko chini yangu kwa sababu eneo ni langu. Hiyo elimu inanihusu vipi? Na hasa huyo mzee nitamfanyaje?

---

Fundi Mitambo

Inakuhusu kuliko wote, ndugu. Kinu cha mahindi kinakatika umeme mara ngapi kwa wiki? Mtu anaona kimezimika, anafungua kifuniko, anatia mkono kwenye mkanda wa mpira. Umeme wa mtaa haupigi hodi ukirudi.

Hapa sasa nije kwenye kufundishika, maana ndiyo nusu ya pili ya uzi wangu.

Tabia hubadilika, ila polepole. Brent Roberts na wenzake walichambua tafiti zaidi ya 200 mwaka 2017 juu ya watu waliopewa msaada wa kitaalamu, na tabia zilisogea ndani ya miezi, hasa ule utulivu wa moyo. Hiyo ni habari njema, lakini kampuni haitampeleka shefu kwa mtaalamu miezi sita. Kwa hiyo mimi nimeacha kujaribu kuwageuza watu. Natafuta kitendo kimoja kinachoziba shimo la mtu huyo, nakifanya kiwe desturi.

Dov Zohar, mtafiti wa Israeli, alifanya jambo ambalo nalipenda kwa unyenyekevu wake. Alichapisha mwaka 2002. Katika karakana ya matengenezo, wafanyakazi waliulizwa mara kwa mara msimamizi wao amezungumza nao juu ya nini, na kila msimamizi akapewa matokeo yake: mara ngapi usalama ulitajwa. Hakuna hotuba, hakuna bango jipya ukutani. Majeraha madogo yakapungua, na watu wakaanza kuvaa vizibo vya masikio. Wasimamizi wale hawakubadilishiwa roho. Walionyeshwa kioo.

Wacanada Jane Mullen na Kevin Kelloway nao, mwaka 2009, waliwafundisha viongozi wa taasisi za afya. Wapo waliofundishwa uongozi mzuri kwa jumla, wapo waliofundishwa uongozi unaolenga usalama hasa. Mafunzo yaliyotaja usalama kwa jina ndiyo yaliyogusa usalama zaidi. Maana yake ni kwamba kuwa shefu mwema hakutoshi. Wema lazima uelekezwe kwenye rola, kwenye asidi, kwenye ngazi.

Mimi nafanya hivi. Mchangamfu nampa kazi ya kunyamaza: kabla ya kazi hatari asiongee yeye kwanza, amuulize kijana mdogo kuliko wote, "wewe unaona nini hapa kinachoweza kutuumiza?", kisha ahesabu hadi kumi kimoyomoyo bila kumsaidia. Wanateseka! Wengi hufika nne. Lakini ile kimya ndiyo nafasi ambayo mimi sikuwa nayo siku ya mkanda.

Mkali wa karatasi namwambia ashukuru kwa mdomo kila habari mbaya anayoletewa, kabla ya kuuliza swali lolote. Amy Edmondson wa Marekani aliwahi kuchunguza timu za wauguzi akitarajia kwamba timu nzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa *mengi*. Alichapisha mwaka 1996. Kule watu hawakuogopa kusema. Shefu anayejivunia kwamba kwake hakuna makosa, mimi humtembelea mapema.

Mtulivu kupita kiasi nampeleka akaongee na aliyeumia. Si kwa kumtisha. Anakaa naye, anamuuliza anafungaje vifungo vya shati sasa.

Mpole, ambaye naona ndiye wewe wa Katuba, nampa maneno tayari. Mpole akitafuta maneno wakati wa hatari hayapati, kwa hiyo ayajifunze kabla, kama sala. "Papa, mimi ni mtoto wako. Ukiumia hapa, mama nyumbani ataniuliza mimi. Naomba tuzime kwanza." Unaona? Heshima haijaondoka. Imefanywa ndiyo sababu ya kuzuia. Na umpe mzee kazi ya kulinda kufuli, asiwe mtu wa kulindwa.

---

Mwanafunzi wa Kampemba

Na bosi akisema tani kwanza? Shefu afanye nini na daftari lake?

---

Fundi Mitambo

Hapo ndipo pagumu, sitakudanganya. Wafanyakazi hawasomi mabango. Wanatazama shefu anafanya nini siku tani na usalama vinapogombana, na kwa siku hiyo moja wanajua kiwanda chao ni cha namna gani. Shefu peke yake akisimamisha kazi mara tatu bila mkubwa kumuunga mkono, mara ya nne hatasimamisha. Nimewaona wakizimika hivyo, watu wazuri.

Paul O'Neill alipochukua uongozi wa Alcoa, kampuni kubwa ya alumini ya Marekani, mwaka 1987, aliwaambia wenye hisa kwamba jambo lake la kwanza ni usalama wa wafanyakazi, na hawakumwelewa. Alikuwa juu kabisa, aliweza. Shefu wa zamu wa Lubumbashi hana cheo hicho. Kwa hiyo mimi nikialikwa kufundisha wasimamizi, naomba mkubwa wao akae darasani siku ya kwanza na aseme mbele yao: ukisimamisha kazi kwa nia njema nikaja kukuta hakukuwa na hatari, sitakuadhibu. Aseme kwa mdomo wake. Akikataa, sichukui hiyo kazi. Nimeshakosa fedha kwa sababu hiyo, mara mbili.

---

Fundi wa Katuba

Nimerudi baada ya siku nne. Nilinunua kufuli tatu soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Nilimwambia mzee yale maneno, alinitazama muda mrefu, nikadhani amekasirika. Kisha akauliza yake ni ipi. Sasa swali: zote ni za rangi moja na zina funguo mbili mbili. Hizo funguo za pili nikae nazo mimi?

---

Fundi Mitambo

Hapana, usikae nazo. Siku utakayokuwa na haraka utazitumia. Ziweke kwenye bahasha iliyofungwa, mzee asaini juu yake, ikae nyumbani kwake, mbali na karakana. Kufuli zipake rangi tatu tofauti, na jina la mwenyewe liandikwe kwenye bati kwa msumari, maana kalamu itafutika kwa grisi. Na kabla ya mkono kuingia, mkishafunga swichi, bonyezeni kitufe cha kuwashia mhakikishe kinu hakiwaki. Kama umeme umekatika wakati huo, jaribio halitakuambia kitu, kwa hiyo ng'oeni na plagi, mwenye kuingia aiweke karibu yake anapoiona.